Simulizi Linaloua na Simulizi Linaloponya: Ushauri wa Kichungaji kwa Njia ya Masimulizi katika Shinyanga na Geita

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza njia mojawapo ya ushauri ambayo washauri na maafisa ustawi wa jamii katika nchi mbalimbali wameitumia tangu miaka ya 1980, nayo ni njia ya masimulizi. Hatutaieleza hewani. Tutaipima katika mazingira ya mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, ambako wachungaji na wainjilisti wetu wanahudumu katika sharika za vijijini, katika miji midogo na katika kambi za wachimbaji.

Hoja yetu ni moja. Katika nchi hiyo simulizi si pambo la mazungumzo wala si mfano wa kuchangamsha mahubiri. Linaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake, na linaweza kumwua. Tena simulizi la namna hiyo halikai moyoni mwa mtu mmoja. Linakaa vinywani mwa majirani. Kwa sababu hiyo mchungaji atakayemshauri mtu faraghani tu, hata kama atamshauri kwa ustadi mkubwa, atakuwa amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwa majirani.

2. Nchi na masimulizi yake

Watu wa Usukuma wana desturi ndefu ya kusimulia. Jioni, kwenye shikome, yaani moto wa uani wanapoketi wanaume na vijana, wazee waliwafundisha vijana kwa hadithi, vitendawili na methali. Utajiri huo ulikwisha kuwavuta wanatheolojia. Padre Donald Sybertz, aliyehudumu Ndoleleji katika jimbo Katoliki la Shinyanga, alikusanya methali na hadithi za Wasukuma pamoja na wenyeji, na mwaka 1996 yeye na Padre Joseph Healey walichapisha Nairobi kitabu juu ya theolojia simulizi ya Kiafrika. Hivyo anayefikiri kwamba habari za masimulizi zimeletwa kwetu kutoka ng'ambo hajui vizuri historia ya Shinyanga.

Lakini nchi hiyo hiyo imezaa masimulizi mengine. Mwanaanthropolojia wetu Simeon Mesaki ameandika kwa kirefu juu ya mauaji ya watu walioshukiwa uchawi. Hesabu za serikali alizozichambua zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo, na zaidi ya nusu yao waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Wengi walikuwa wanawake, na hasa wanawake wazee. Alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Kila aliyeingia katika jiko la bibi wa Kisukuma anajua macho hayo yanatoka wapi: kuni zimeadimika, chakula kinapikwa kwa mabua na samadi, na moshi hauna pa kutokea. Ushahidi wa umaskini umegeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi.

Tangu mwaka 2007 taifa lilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, mengi yakitokea katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi mauaji hayo yalivyofungamana na machimbo ya dhahabu na na biashara ya hirizi za bahati. Mchimbaji mdogo huko Nyarugusu au Rwamgasa anaweza kushuka katika duara miezi mingi bila kupata kitu, huku mwenzake wa duara la jirani akitoka na mawe yenye dhahabu. Swali linamkaa rohoni: kwa nini yeye, na kwa nini si mimi? Swali hilo hutafuta simulizi, na yupo mtu aliye tayari kumpatia.

3. Ramli ni simulizi

Hatuna budi kukiri jambo ambalo huwa hatulisemi katika mafundisho yetu: anayepiga ramli chonganishi ni msimulizi hodari. Mtu aliyefiwa na mtoto, au aliyepoteza ng'ombe, au ambaye duara lake halitoi kitu, anapomwendea, hapewi kwanza dawa. Anasikilizwa. Anaulizwa habari za nyumba yake, za shamba, za mpaka na za magomvi ya zamani. Kisha anarudishiwa habari zake zikiwa zimepangwa upya. Sasa zina mwanzo, zina sababu, na zaidi ya yote zina mhusika: jirani, shangazi, mjane wa mwisho wa kijiji. Maumivu yaliyokuwa hayana maana yamepata maana, na maana hiyo ina jina la mtu.

Mbele ya simulizi lenye nguvu kama hiyo, mchungaji anayejibu tu kwamba huo ni ushirikina hajampa mfiwa kitu. Amemnyang'anya simulizi bila kumpa lingine, na jioni mfiwa atarudi kule alikosikilizwa. Tena yatupasa kusema wazi kwamba mtumishi anayesimama madhabahuni na kutangaza kuwa ameonyeshwa ni nani katika ukoo anayewazuia watu baraka, amepiga ramli. Kulitumia jina la Bwana katika tendo hilo hakulibadilishi. Kunaliongezea uzito wa dhambi.

Maandiko yanatuonyesha njia nyingine. Rafiki za Ayubu walimletea simulizi lililokamilika, lenye sababu na mkosaji, na Mungu aliwakemea (Ayu. 42:7). Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Bwana alilikataa swali la "nani" na kuwageuza waitazame kazi ya Mungu iliyokuwa inataka kudhihirika katika mtu yule (Yn. 9:1-3). Kukataa huko ndiko msingi wa ushauri wetu.

4. Njia yenyewe

Njia ya masimulizi ilianzishwa na Michael White, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Adelaide nchini Australia, aliyefariki mwaka 2008, pamoja na David Epston wa New Zealand. Kitabu chao cha pamoja cha mwaka 1990 kiliieneza. Wanafundisha kwamba mtu huyaelewa maisha yake kwa kuyasimulia, na kwamba mara nyingi simulizi moja lenye nguvu huyameza mengine yote mpaka mtu hujiona kuwa yeye mwenyewe ndiye tatizo. Kazi ya mshauri ni kumsaidia kulitenga tatizo na nafsi yake, kisha kuyatafuta yale ya kweli katika maisha yake ambayo simulizi lile kubwa limeyaacha nje. Tunaweza kuipanga kazi hiyo katika hatua nne.

Kwanza, kulipa tatizo jina. Mshauri humwomba mtu alitaje tatizo kwa jina linalotoka kinywani mwake mwenyewe: Hofu, Uvumi, Deni. Huko Malawi katikati ya miaka ya 1990, Yvonne Sliep na washauri aliofanya nao kazi waliwafanya wanavijiji wahojiane na UKIMWI kana kwamba ni mtu aliyesimama mbele yao. Kwa njia hiyo mgonjwa aliacha kuwa adui, na kijiji kizima kikasimama upande wake.

Hapa tunaongeza tahadhari ambayo vitabu vya ng'ambo havina. Katika Usukuma balaa tayari limetengwa na mtu anayeteseka, ila limetengwa vibaya, kwa kubandikwa juu ya jirani. Mshauri akisema "tatizo lililokujia" bila uangalifu, msikilizaji ataelewa "tatizo lililotumwa". Kwa hiyo jina la tatizo lisiwe kamwe jina la mtu, wala lisiwe la pepo. Na mshauri asiulize ni nani aliyelileta, bali limefanya nini.

Pili, kuyataja madhara. Tatizo limemnyang'anya mtu huyu nini? Limeingiaje kati yake na mumewe, watoto, Meza ya Bwana?

Tatu, kutafuta nyakati ambazo tatizo halikushinda. Hapa Shinyanga yenyewe inatupa mfano bora kuliko vitabu. Mkoa huu uliwahi kukaribia kuwa jangwa baada ya miti kufyekwa ili kumwangamiza mbung'o na kupisha mashamba. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliwahimiza wananchi kurudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo na kuzuia mifugo isiingie kwa muda. Sehemu kubwa ya misitu iliyorudi haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi. Mshauri naye hampandikizii mtu simulizi jipya la kumpendeza. Huzuia tu lisikanyagwe lile lililo hai tayari.

Nne, kuwaita mashahidi na kuweka kumbukumbu. Tutalieleza jambo hili peke yake, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote.

5. Mfano wa mazungumzo

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya kufundishia. Mchungaji amemtembelea mjane mzee anayenong'onwa katika nzengo yake.

Mchungaji: Shikamoo, bibi.

Bibi: Marahaba, baba mchungaji. Karibu, kaa hapo penye kivuli.

Mchungaji: Bibi, hili neno linalozunguka katika nzengo, wewe mwenyewe unaliitaje?

Bibi: Mimi naliita moshi, baba. Huoni ulipoanzia, ila macho yanawasha.

Mchungaji: Na moshi huo umekunyang'anya nini?

Bibi: Umeninyang'anya kisima. Siku hizi nachota maji jua likiwa kali, wenzangu wakiwa wamekwisha kuondoka.

Mchungaji: Je, ipo siku moshi ulikuwapo, na bado watu walikuja kwako?

Bibi: Ipo. Mke wa jirani alishikwa na uchungu usiku, wakaniita. Mtoto yule sasa anachunga ng'ombe.

Mchungaji: Ni nani mwingine anayeukumbuka usiku ule?

Bibi: Mama yake anaukumbuka. Na balozi alikuwa nje ameshika taa.

Tuangalie mambo matatu. Mchungaji hakuuliza ni nani aliyeanzisha uvumi. Swali hilo lingezaa mshukiwa wa pili. Hakumfariji bibi kwa maneno yake mwenyewe, bali aliuliza mpaka bibi akayatoa ya kwake. Na swali lake la mwisho halikuhusu moyo wa bibi hata kidogo. Lilihusu majirani. Sasa anao watu wawili wanaoijua kweli nyingine juu ya mwanamke huyu, na kazi yake ya kesho imejulikana.

6. Mashahidi na amri ya nane

Washauri wa njia hii huwaalika watu wachache wasikilize simulizi jipya na kueleza lilivyowagusa. Katika miji ya ng'ambo hili ni jambo la kuongezea. Kwetu ni jambo la lazima, kwa sababu bibi hatauawa na yale anayoyafikiri juu ya nafsi yake, bali na yale ambayo wengine wanayasema juu yake. Hata akitoka katika chumba cha mchungaji akiwa na amani kamili, usiku ule ule watu wanaweza kuja na mapanga.

Kitabu cha Ruthu kinatufundisha. Naomi, mjane mzee aliyefiwa na wanawe, alirudi Bethlehemu akijipa jina la uchungu na kuwaambia wanawake wa mji waliite hilo (Rut. 1:20). Simulizi lake lilikuwa limefungwa. Ni wanawake wale wale ambao mwishoni walimtangazia simulizi lingine, wakamtukuza Mungu mbele yake na kumpa mtoto jina (Rut. 4:14-17). Naomi hakujiponya kwa kujisemea maneno mema. Mji ulimsimulia upya.

Kwa sisi Walutheri jambo hili lina jina katika katekisimo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther, akieleza amri ya nane, haishii kukataza ushuhuda wa uongo. Anatudai tumtetee jirani, tumnene mema, na tuyaelewe mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto wetu wa kipaimara huikariri amri hii wakidhani inahusu uongo wa shuleni. Mahali ambapo macho mekundu yanaweza kuwa hukumu ya kifo, amri ya nane ni ulinzi wa uhai, nayo inasimama bega kwa bega na amri ya tano. Mkristo anayesikia uvumi kisimani na kunyamaza ameivunja.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Mchungaji, kwa idhini ya mhusika, awaombe mashahidi waliotajwa wayaseme hadharani wanayoyajua: katika jumuiya ya nyumba kwa nyumba, katika ibada ya shukrani, mbele ya uongozi wa kitongoji. Mama yule amlete mtoto wake, aseme ni mikono ya nani iliyompokea. Wazee wa kanisa wafuatane na bibi kisimani saa ya watu wengi. Hapo simulizi linaponya, kwa sababu limepata miguu.

7. Machimboni na kwa watoto

Njia hii inafaa pia kwa waliookoka katika ajali. Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa katika mgodi wa Nyangarata wilayani Kahama. Mmoja alikufa. Watano walitolewa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Anayemhudumia mtu wa namna hiyo asimlazimishe kuirudia hofu ya gizani mara kwa mara. Michael White alishauri kwamba simulizi la maumivu liandamane daima na simulizi la yale mtu aliyoyafanya ili kuyakabili. Mligawanaje maji? Nani alimtia nani moyo? Ulimfikiria nani? Maswali haya hayapunguzi uchungu, lakini yanamrudishia mtu heshima yake.

Kwa watoto, mkoa jirani wa Kagera ulitangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Nshamba wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulianza kuwahudumia yatima wa UKIMWI katika huzuni zao, si kwa chakula na sare pekee. Nchini Uganda akina mama wenye virusi waliandika vitabu vya kumbukumbu ili watoto wao wasipoteze habari za ukoo. Katika miaka ya 2000 Ncazelo Ncube wa Zimbabwe, pamoja na David Denborough, waliandaa zoezi la Mti wa Uzima, ambamo mtoto huchora mizizi, shina, matawi, majani na matunda ya maisha yake kabla ya kuzungumza juu ya dhoruba. Zoezi hili linahitaji karatasi na kalamu tu, nalo linaweza kufanyika katika shule ya Jumapili, kwa watoto wenye ualbino wakiwa pamoja na wenzao, ili wenzao nao wawe mashahidi.

8. Mipaka ya njia hii

Ipo mipaka mitatu ambayo mhudumu hana budi kuijua.

Usalama hutangulia. Maisha yakiwa hatarini, kazi ya kwanza ni kumhamisha mtu na kutoa taarifa polisi, kwa uongozi wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii. Mtoto akihusika, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa. Mazungumzo yatafuata.

Aidha, kumtenga mtu na tatizo si kumwondolea wajibu. Mchimbaji anayempiga mkewe hawezi kujificha nyuma ya jina la Hasira. Tunamtenga na hasira ili aweze kusimama, kuitazama na kuikana. Baada ya hapo njia ya toba, maungamo na kurudisha haki iko wazi, na dola nayo ina nafasi yake.

Mwisho, si kila taabu ni taabu ya simulizi. Zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu kwenye mialo hudhuru mwili kwa namna yoyote itakavyosimuliwa. Bibi anahitaji jiko lisilo na moshi na kuni za karibu. Kanisa linalosikiliza habari za watu bila kushughulikia moshi wenyewe linawadanganya.

9. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ushauri kwa njia ya masimulizi unaweza kutumika vema katika Shinyanga na Geita, kwa masharti mawili: swali la "nani alisababisha" likataliwe tangu mwanzo, na majirani waingizwe katika kazi tangu mwanzo. Tunapendekeza kwamba mafundisho ya kipaimara katika sharika za huko yaitumie amri ya nane kwa mifano ya nzengo, na kwamba kila baraza la wazee liwe na orodha ya wajane na wazee wanaoishi peke yao, pamoja na jina la mtu mmoja wa kuwatembelea kila juma. Mhudumu huyo hahitaji shahada. Anahitaji kuketi, kuuliza habari za siku njema ambazo kijiji kimezisahau, na kuwa na ujasiri wa kuzisema mahali ambapo uvumi unasemwa.